BARUA YA MWALIKO: ANDIKA ILI MGENI AFIKE

Na Afisa Elimu ya Watu Wazima, Musoma

Ndugu msomaji, kazi ya barua ya mwaliko ni moja tu: kumleta mtu. Barua inaweza kuwa na mwandiko mzuri na salamu tele. Lakini mgeni asipojua siku, saa au mahali, hatafika. Na asipofika, kuna hasara. Kikao cha mahari kinaahirishwa na ng'ombe hawasogei. Afisa kilimo anakwenda kijiji kingine, huku pamba yenu inaliwa na funza.

Mkoa wetu wa Mara una historia katika kisomo. Ulikuwa katika majaribio ya kisomo chenye manufaa ya mikoa ya Ziwa, miaka ya 1968 hadi 1972. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kabla ya hapo, mzee wa kijijini aliyetaka kumwita ndugu yake ilimbidi amtafute mtoto wa shule amwandikie. Mtoto aliandika, na mambo ya nyumba ile akayajua yote. Wewe unayesoma ukurasa huu huna haja ya kupitisha siri yako mkononi mwa jirani. Basi tujifunze kuandika mwaliko vizuri.

Mambo sita yasiyokosekana

Kila mwaliko, uwe wa ndugu au wa serikali, ujibu maswali haya:

1. Nani anaalika?
2. Nani anaalikwa?
3. Ni shughuli gani?
4. Ni siku gani, na saa ngapi?
5. Ni mahali gani?
6. Mgeni anatakiwa afanye nini, au aje na nini?

Maswali mawili huwasumbua watu wengi zaidi: lile la siku na lile la mahali.

Usiandike "Jumamosi ijayo" wala "kesho kutwa". Barua unaiandika Jumatatu, lakini huenda ikamfikia mwenyewe Jumapili. Jumamosi ijayo ni ipi sasa? Andika siku pamoja na tarehe: Jumamosi, tarehe 20 Juni 2026. Kimoja kikikosewa, kingine kitamfanya msomaji aulize. Na saa pia, usiseme "saa 2" ukaishia hapo. Saa 2 ya asubuhi ipo, na saa 2 ya usiku ipo.

Mahali napo pasiachwe hewani. Butiama ni kijiji, ni kata, na tangu mwaka 2012 ni wilaya pia. Ukimwambia mtu "njoo Butiama", je, aende wapi hasa? Taja kijiji, kitongoji, na alama inayojulikana, kama shule, zahanati au mwalo.

Kwa ofisi ndiyo zaidi. Musoma kuna Halmashauri ya Manispaa na kuna Halmashauri ya Wilaya. Bunda kuna Halmashauri ya Mji na kuna Halmashauri ya Wilaya. Hizo ni ofisi mbalimbali, kila moja na mkurugenzi wake. Ukiandika juu ya bahasha "Mkurugenzi, Musoma", barua yako inaweza kulala kwenye meza isiyo yake.

Mwaliko kwa ndugu au rafiki

Barua hii ni kama mazungumzo. Unaandika anwani yako na tarehe juu, upande wa kulia. Unamwita mtu kama unavyomwita mkiwa nyumbani: Mjomba, Shangazi, Dada, Shemeji. Mkubwa unampa shikamoo. Unamjulia hali, ndipo unaingia kwenye shughuli. Tazama mfano huu. Majina ni ya mfano tu.

Kijiji cha ............
S.L.P. ......, Musoma.
1 Juni 2026.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wewe na wote wa hapo nyumbani hamjambo. Sisi huku tu wazima.

Mjomba, wazee wa upande wa mchumba wa mdogo wangu Neema wanakuja kuzungumza mahari. Watafika hapa nyumbani Jumamosi, tarehe 20 Juni 2026, saa 4 asubuhi. Baba anasema mazungumzo hayaanzi bila wewe. Tafadhali fika Ijumaa jioni ulale hapa, ili tukubaliane sisi wenyewe kwanza kabla wageni hawajaketi.

Ukiipata barua hii, nipigie simu nijue.

Wasalimie wote.

Mpwa wako,
Magesa.

Je, umeona? Salamu zipo, lakini hazikumeza habari. Na mjomba ameelezwa kwa nini anatakiwa kufika siku moja mbele. Bila neno hilo angefika Jumamosi pamoja na wageni, akakuta mambo yamekwisha semwa. Mzee akifanyiwa hivyo atasema amedharauliwa, na chuki ya namna hiyo haiishi upesi.

Mwaliko rasmi

Barua rasmi inakwenda kwa mtu kwa sababu ya cheo chake. Hata kama afisa uvuvi ni jirani yako na watoto wenu wanacheza pamoja, hapa unamwandikia afisa. Akihamishwa, mwenzake atakayekuja ataikuta barua kwenye faili na kuishughulikia. Ndiyo maana hatuandiki habari za nyumbani humo, na ndiyo maana tunataja cheo.

Anwani huwa mbili: ya kwako juu kulia, na ya unayemwandikia chini yake upande wa kushoto. Kisha kuna kichwa cha habari, ili mwenye ofisi ajue jambo lenyewe kabla ya kusoma yote.

Kikundi cha Wakaushaji Dagaa,
Kijiji cha ............
S.L.P. ......, MUSOMA.
25 Mei 2026.

Afisa Uvuvi,
Kata ya ............
MUSOMA.

Kupitia kwa: Afisa Mtendaji wa Kijiji,
Kijiji cha ............

Ndugu,

YAH: MWALIKO WA KUTUFUNDISHA KUKAUSHA DAGAA KWA CHANJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kikundi chetu kina wanachama 22. Tunakausha dagaa mchangani, na wakati wa mvua wengi wanaharibika. Tunakualika uje utufundishe kutengeneza na kutumia chanja.

Somo litafanyika Alhamisi, tarehe 18 Juni 2026, kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana, hapa kijijini, mwaloni karibu na mizani. Tutaandaa miti, nyavu kuukuu na dagaa wabichi.

Tunaomba utujulishe kabla ya tarehe 10 Juni 2026 kama utaweza kufika, na vifaa gani vingine vinahitajika. Simu ya katibu ni ............

Wako katika kazi,
(sahihi)
(jina kamili)
KATIBU WA KIKUNDI

Hebu tazama mambo matatu. Kwanza, barua imeandikwa zaidi ya wiki 3 kabla ya siku yenyewe. Afisa ana vijiji vingi. Ukimwita leo kwa kesho, umemwita bure. Pili, imepitia kwa mtendaji wa kijiji, naye aisome, aweke maoni yake na mhuri. Kwa hiyo kijiji kinajua kuna mgeni. Tatu, imetaja siku ya mwisho ya kujibu. Siku hiyo ikipita kimya, katibu bado ana wiki nzima ya kufuatilia.

Ukimwalika mtu awe mgeni rasmi, mwambie wazi kama atatoa hotuba, atagawa vyeti au atafungua jengo. Diwani na mbunge huandikiwa "Mheshimiwa". Ukiipeleka barua kwa mkono, beba nakala yako, ukaombe igongwe mhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo itunze. Siku mtu akisema "sikualikwa", utamwonyesha bila kugombana.

Mwaliko, tangazo na wito

Mambo haya matatu yasichanganywe.

Mwaliko unaweza kuukubali au kuukataa kwa adabu.

Tangazo ni la watu wote. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Wewe si mgeni mle, ni mwenye mkutano. Usingoje barua yenye jina lako. Tangazo likibandikwa kwenye ubao, au mbiu ikipigwa, nenda. Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Anayekaa nyumbani ati hakualikwa, atakuta mambo ya ardhi na michango yamekwisha amuliwa.

Wito ni amri. Karatasi ya mahakama inayokutaka ufike siku fulani haisemi "karibu". Isome tarehe vizuri, na uende.

Ukialikwa wewe

Jibu. Mistari mitatu inatosha: nimeupata mwaliko wako, nashukuru, nitafika. Kama huwezi kufika, taja sababu kwa kifupi na mtume mtu badala yako ikiwezekana. Aliyekualika anapika chakula na kupanga viti. Kimya chako kinamtia gharama.

Zoezi la kikundi

1. Mwandikie shangazi yako anayekaa Bunda umwalike kwenye ubatizo, maulidi au arusi.
2. Mwandikie mganga mfawidhi wa zahanati, umwombe aje kuzungumza na darasa lenu juu ya malaria.
3. Badilishaneni barua. Kila mmoja asome ya mwenzake, ayatafute yale mambo sita. Likikosekana moja, irudishe kwa mwenyewe aisahihishe.

Mwenzako akisoma barua yako akauliza, "Ni wapi?" au "Ni lini?", usimjibu kwa mdomo. Jibu hilo liandike ndani ya barua, kwa maana siku mgeni atakapoifungua, wewe hutakuwapo kumweleza.