Dawa Ichaguayo Umri

Julai 2023, Shirika la Afya Duniani lilipoingiza kwa mara ya kwanza dawa tatu za maltipo sklerosisi katika orodha yake ya dawa muhimu, wengi wa mwambao huu wa Bagamoyo waliipita habari hiyo kana kwamba ni ya nchi za baridi, kwani maradhi hayo, ambamo kinga ya mwili huitafuna ala ya mafuta iliyovikwa neva za ubongo na uti wa mgongo, kwetu ni adimu. Kladribini na glatirama nitaziacha. Mimi nimevutwa na ya tatu, rituksimabu, iliyoanza kwa saratani ya mitoki mwaka 1997.

Dawa hii huziandama seli B za kinga, ambazo huzitambua kwa alama ya CD20 iliyo juu ya utando wao, na hikima yake yote i katika umri: seli changa, ingali ndani ya uboho, haina alama, ikipevuka huivaa, ikizeeka, ikawa seli plazima ambayo kazi yake ni kumwaga kingamwili tu, huivua. Aliyepata kulitazama jarife la wavuvi wa Bagamoyo atalifahamu jambo hili upesi, maana kinda la nguru hupenya jicho la wavu, nguru mkubwa mno hukigonga kichwa kisichoingia akageuka zake, na anaswaye ni yule wa kadiri. Tena, maadamu makinda yamesalimika, nguru hawamaliziki baharini, na ndiyo sababu jarife la hospitali hutegwa upya, aghalabu kila baada ya miezi 6.

Ajabu iliyowashughulisha wataalamu ni kwamba seli plazima zilibaki, kingamwili zikapungua kidogo tu, na hata hivyo mashambulizi yakatulia ndani ya majuma machache. Ikadhihirika kuwa kosa kubwa la seli B ni fitina, yaani kuzichochea seli T, wenzao katika kinga. Ndani ya seli hizo hizo ndimo hujificha kirusi cha Epstein-Barr, kilichoonekana London mwaka 1964 katika uvimbe alioupeleka tabibu Denis Burkitt kutoka Uganda, na ambacho utafiti wa askari wa Marekani, uliotolewa 2022, ulikihesabu kuwa chanzo kikuu cha maradhi haya.

Dawa haiponyi, na homa ya ini B sharti ipimwe kwanza. Kinga ya chanjo za zamani husalia pamoja na seli plazima, bali chanjo mpya haishiki vema. Basi Bagamoyo, uliozoea habari za chanjo tangu majaribio ya RTS,S, chanjo ya malaria, yaanze huko, hautashangaa kuambiwa kwamba mgonjwa achanjwe majuma 4 au zaidi kabla ya dripu ya kwanza.