Mbu wa Pap Onditi na Mtihani Wako wa Bayolojia

Wewe unayesoma bayolojia pale Pap Onditi, wachana kidogo na twiga wa kitabuni. Uteuzi asilia uko kwa damu ya watu wa kando ya ziwa.

Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyelelewa Kenya, alizunguka akipima damu. Pwani na huku kwetu ziwani, zaidi ya watu 20 kwa kila 100 walikuwa na jeni ya selimundu. Nyanda za juu, kwenye baridi na mbu wachache, hata mmoja kwa 100 ilikuwa shida kumpata.

Mbona? Ukirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu, malaria kali haikuwezi kirahisi. Ukiirithi kwa wote wawili, seli nyekundu zinajikunja kama mundu, na bila matibabu wengi hawafiki utu uzima. Asiye nayo kabisa naye, malaria ilimmaliza utotoni kwa urahisi zaidi. Aliyebaki akazaa zaidi ni yule wa katikati. Allison alichapisha ushahidi wake 1954.

Hapa ndipo wengi hupoteza maksi: eti mwili uliona mbu ukaamua kujibadilisha. Zi! Jeni ilitokea kibahati, malaria ikachuja.

Sasa hesabu yako. Mkiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina nafasi 1 kwa 4 ya mtoto mwenye ugonjwa wenyewe. Mnajuana nyota, mnajuana timu, lakini jenotaipu je? Ni kipimo cha damu tu. Ulizeni hospitali kabla ya kupeleka ayie.