Dawa ya Misuli Iliyolegea na Hadhari Zake

Kope iliyo wazi asubuhi na kuanguka alasiri bila ya mwenyewe kupenda, kitu kimoja kuonekana viwili, taya kuchoka kabla sahani haijafika nusu: hizo ndizo aghalabu dalili za awali za maradhi yaitwayo miastenia gravisi, nayo, kwa kuwa huzidi kwa kazi na kupungua kwa mapumziko, yamewapatia wagonjwa si haba tuhuma ya uvivu, tuhuma wasiyoistahili hata kidogo.

Asili yake ni hitilafu ya kinga ya mwili. Mshipa wa fahamu unapotaka kuukaza msuli humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, ikapokewa na vipokezi vilivyo juu ya msuli, kisha kimeng'enya kikaivunja mara moja ili msuli upate kulegea. Lakini kwa mgonjwa huyu kingamwili, ambazo kazi yake ni kupambana na viini vya maradhi, huviandama vipokezi hivyo na kuviharibu, hata amri ya mshipa ikawa yafika dhaifu. Dawa ya piridostigmini hairudishi vipokezi vilivyopotea. Hukizuia kimeng'enya tu, ili asetilikolini ikae muda mrefu zaidi na vipokezi vichache vilivyosalia vipate kuitumia.

Njia hii ya tiba ilifunguliwa mwaka 1934 na Mary Walker, tabibu wa Kiskoti katika hospitali ya St Alfege's, Greenwich, London, ambaye, alipoona kwamba hali ya mgonjwa wake yashabihiana na ya mtu aliyeingiwa na sumu ya kurari, alimchoma sindano ya fisostigmini iliyojulikana kuipinga sumu hiyo, na nguvu zikamrudia kwa muda. Fisostigmini yenyewe ilitolewa katika haragwe la Calabar, huko Nigeria, ambalo watuhumiwa wa uchawi walikuwa wakilishwa ili haki idhihirike, kama mwavi ulivyonyweshwa huku kwetu. Piridostigmini ni ya ukoo huo, ila imetengenezwa na wanakemia, na Marekani iliiruhusu mwaka 1955.

Kidonge cha kawaida ni cha miligramu 60. Huanza kazi baada ya nusu saa au zaidi kidogo, na nguvu yake hudumu saa chache tu, ndiyo maana humezwa mara kadhaa kwa siku. Na anayepata taabu ya kutafuna na kumeza, daktari aghalabu humpangia akimeze kiasi cha nusu saa kabla ya chakula, ili taya na koo ziwe tayari mezani.

Madhali asetilikolini hufanya kazi pia matumboni, katika tezi na moyoni, dawa haiwezi kuichagua misuli peke yake. Tumbo husokota, mtu akaharisha, mate na jasho vikazidi, misuli ikachezacheza chini ya ngozi, na pengine moyo ukapiga polepole. Mwenye pumu, au aliyezibika matumbo au njia ya mkojo, hana budi kumwarifu daktari kabla hajaianza.

La kuogopwa zaidi ni hili: dawa ikizidi mno, msuli hulegea upya na pumzi ikawa nzito, na mgonjwa, akidhani kipimo hakitoshi, huongeza kidonge juu ya kidonge. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali upesi. Fauka ya hayo, dawa hii hutuliza dalili, haikomeshi maradhi. Wengi huhitaji pamoja nayo dawa za kuipunguza nguvu kinga ya mwili, na baadhi yao hupasuliwa na kutolewa tezi ya thaimasi iliyo kifuani.

Katika nchi zetu, ambako malaria na homa nyinginezo hazitupi nafasi ya kupumua, kuna jambo lisilosemwa vya kutosha, nalo ni kwamba kwinini, jentamisini, siprofloksasini na magnesiamu ya sindano huweza kuuzidisha udhaifu huu ghafla. Basi, ewe mwenye maradhi haya, andika jina lake na la dawa yako katika karatasi usiyoachana nayo, uionyeshe zahanati na duka la dawa kabla hujachomwa sindano wala kumeza kidonge kigeni.