Chujio la Maji la Kupandia Mlima

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame huchota maji kwa mara ya mwisho bondeni Karanga. Kambi ya Barafu, mita 4,673 juu ya usawa wa bahari, haina kijito. Maji yote hufika huko yakiwa yamebebwa na wapagazi. Basi chujio lichaguliwe kwa uangalifu kabla safari haijaanza.

Dukani utaonyeshwa namba ya mikroni. Machujio mengi ya mkononi yana matundu ya mikroni 0.1 au 0.2. Hayo huzuia bakteria wa kipindupindu, pia giardia na kriptosporidiamu, vimelea vikubwa zaidi. Virusi vya homa ya ini A, vyenye upana wa mikroni 0.03 hivi, hupenya. Kwenye kijito cha juu, mbali na makazi, hatari hiyo ni ndogo. Mtoni chini ya kijiji au karibu na vyoo vya kambi, chuja kwanza, kisha tia kidonge cha klorini. Klorini peke yake haitoshi, kwani kriptosporidiamu huihimili.

Adui ambaye wauzaji wengi hawamtaji ni baridi. Ndani ya chujio mna mirija myeupe, myembamba kama tambi, na maji husafishwa yanapopenya kuta zake. Maji yaliyobaki humo yakiganda usiku, hutanuka na kuipasua, wala nje huoni ufa. Asubuhi maji yatatoka vizuri tu, pamoja na bakteria. Kwa hiyo kila jioni likung'ute, lifunge kwenye mfuko usiovuja, ulale nalo ndani ya begi la kulalia. Ukishuku limeganda, usilitumie tena, chemsha maji. Huko juu huchemka kwenye nyuzijoto 85 hivi, lakini yakitokota dakika 3 yanafaa kunywa.

Chagua chujio linalosafishwa kwa kusukuma maji safi kinyumenyume kwa bomba la sindano, la sivyo tope litaliziba mapema. Maji machafu yaache yatuame kwanza.

Tena, chujio hili haliondoi floraidi, kwa sababu imeyeyuka majini. Kwa safari ya siku chache hilo halina neno. Lakini usilifanye chujio la nyumbani kwa watoto wanaokulia Ngarenanyuki, ambako floraidi ya majini hubadili meno kuwa ya kahawia. Huko hufaa makaa ya mifupa, ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeyafanyia kazi.