Umenusurika barabarani, sasa baiskeli inakutisha?

Daladala imekubana hadi ukaingia mtaroni. Konda amechungulia dirishani, akakutukana, gari likaondoka. Umechubuka goti tu, na ndugu wanasema mshukuru Mungu. Lakini hii ni wiki ya pili baiskeli imeegemea ukutani, na ukisikia honi ya lori moyo unakwenda mbio.

Huo si udhaifu. Penye hatari, ubongo huuamuru mwili kumwaga homoni ya adrenalini: mapigo ya moyo hupanda, misuli hukaza, jasho hutoka. Kisha honi, moshi na ile kona hubaki kichwani kama alama za hatari. Linaloumiza zaidi ni kwamba aliyekubana alikuwa mtu. Shimo la barabarani halikuchukii, ila mtu anayekutukana ukiwa mtaroni anakuachia hasira na aibu juu ya hofu.

Kama uligonga kichwa, anza na hospitali. Kutapika, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida au maumivu ya kichwa yanayozidi si mambo ya kusubiri kesho.

Kupumzika siku chache hakuna ubaya. Shida ni kukwepa. Kila unapoahirisha unapata nafuu, na nafuu hiyo inaufundisha ubongo kuwa uliponea kwa kubaki nyumbani. Kwa hiyo rudi kidogokidogo. Endesha uwanjani, au mtaani asubuhi ya Jumapili magari yakiwa machache. Rudia njia hiyohiyo mpaka uichoke, ndipo uongeze nyingine, ikiwezekana ukiwa na mwenzako. Hofu ikipanda, simama pembeni, vuta pumzi taratibu, itoe kwa muda mrefu zaidi, halafu endelea hata mita 50 kabla ya kurudi nyumbani. Kona ya tukio iwe ya mwisho.

Hata hivyo, si kila hofu ni ugonjwa. Barabara yenye malori mengi, kama ya Mandela jijini Dar es Salaam, inastahili kuogopwa, na kuzungukia mitaa ya ndani si kushindwa.

Mzazi, mtoto akipatwa na haya usimwambie "mwanaume halii" na usimlazimishe kupanda. Mdogo anaweza kuanza tena kukojoa kitandani au kukung'ang'ania, usimchape. Msikilize anapotaka kusimulia, msukume baiskeli pamoja mkielekea shuleni, naye atasema lini apande.

Usikimbilie duka la dawa kutafuta diazepamu ili ulale. Shirika la Afya Duniani (WHO) halishauri dawa za kundi hilo kutuliza mfadhaiko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha, na zinaweza kukufanya uzitegemee. Pombe nayo huharibu usingizi.

Mwezi ukipita na bado unaota tukio hilo, unashtuka ovyo, au umeacha kazi au shule kwa sababu ya njia, nenda hospitali uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Ukifika usiseme tu "moyo unaenda mbio", maana utapimwa presha na kurudishwa nyumbani. Simulia na lile gari lilivyokubana.