Paka Hatamaliza Panya wa Shamba

Kila msimu wa kupanda unapokaribia wilayani Kaliua, swali lile lile hurudiwa na wakulima wa mahindi na karanga, kwamba ni paka wangapi wanaotosha kumaliza panya shambani. Swali hilo halina jibu, kwa sababu limejengwa juu ya imani isiyo na msingi kwamba wingi wa panya hutawaliwa na yule anayewala.

Imani hiyo ilikwishapimwa mahali ambapo paka hakuwa na mshindani. Katika Kisiwa cha Marion, milki ya Afrika Kusini iliyo kwenye bahari baridi kuelekea Antaktika, panya wadogo wa nyumbani walifikishwa na meli za wawindaji wa sili katika karne ya 19, na mwaka 1949 kituo cha hali ya hewa kikaletewa paka watano ili wawamalize. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 paka walikuwa wamezidi 2,000, lakini waliowaangamiza zaidi ni ndege wa baharini wanaotaga mashimoni, kwa kuwa mwindaji hufuata windo lililo rahisi kukamata. Paka wenyewe ikabidi waondolewe, kazi iliyokamilika mwaka 1991, na panya wakabaki. Kinachowapunguza panya hao ni majira ya baridi, chakula kinapoadimika.

Kaliua, nafasi ya baridi hushikwa na kiangazi. Panya shamba, aitwaye kisayansi Mastomys natalensis, huzaana baada ya mvua kuotesha nyasi na kuleta mbegu, na jike, ambaye chuchu zake huweza kufika 24, hubeba mimba kwa siku 23 hivi na mara nyingi huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo, kiasi kwamba miaka ya mlipuko idadi huweza kuzidi 1,000 kwa hekta moja. Wengi anaowakamata paka ni wale ambao njaa ya kiangazi ingewaua, hali iitwayo vifo vya kufidiana, yaani kifo kimoja huchukua nafasi ya kingine na jumla isibadilike. Kumtegemea paka huku magugu yamezingira shamba ni kuwaachia panya mbegu kwa hiari.

Yanayofaa ni haya: kufyeka kingo za shamba na kuondoa mabua mapema, kutega mitego kwa wingi, kupanda kwa wakati mmoja, kuweka chambo chenye zinki fosfaidi kabla tu ya kupanda chini ya uangalizi wa afisa ugani, kuhifadhi nafaka kwenye ghala lililoinuliwa lenye kinga za bati nguzoni, na kutoshika mizoga kwa mikono mitupu. Anayesafisha shamba lake peke yake hufaidi kidogo, maana panya wa jirani huhamia humo ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo kazi hii ni ya kijiji kizima, na wakati wake ni kabla ya mvua za Novemba.