Mbwa Huchaguliwa kwa Kazi, Si kwa Sura

 

Katika vikundi vya hapa Kongowea na Kisauni, na pia vile vya mashambani Kilifi na Kwale, kuna swali linalorudi kila mara: kikundi kikitaka mbwa, kinunue mbwa wa aina gani? Vijana wengi wamewaona mbwa wa kizungu katika majumba ya Nyali, wenye masikio yaliyolala na manyoya yanayong'aa. Wameambiwa kwamba hao ni mbwa wa kuwindia kwa bunduki. Basi wanataka pesa za kikundi zitolewe, anunuliwe mtoto mmoja, ati akikua atawaletea kanga na kwale kutoka msituni, na usiku alinde mabanda ya kuku.

Pesa hizo ni za akina mama waliochanga kidogo kidogo. Zikitumika vibaya, kikundi huvunjika. Kwa hivyo hebu tulieleze jambo hili polepole kabla mweka hazina hajafungua sanduku.

Mbwa wa bunduki ni mbwa gani?

Wengi hudhani ni mbwa mkali anayekamata mnyama. Sivyo. Mbwa wa bunduki hapaswi kuua. Mwenye kuua ni mtu mwenye bunduki, na mbwa ni msaidizi wake tu. Wazungu waliwagawa mbwa hawa kufuatana na kazi, na kila kazi ikapata mbegu yake.

Wa kwanza ni pointa. Huyu hukimbia mbali mbele ya mwindaji akinusa upepo. Akipata harufu ya ndege waliojificha kwenye nyasi, husimama kama sanamu, pua ikielekea walipo, wala hawarukii. Seta hufanya kazi hiyo hiyo, lakini ana manyoya marefu na asili yake ni nchi za baridi.

Wa pili ni spanieli. Ni mdogo, na huingia vichakani karibu na bwana wake na kuwatimua ndege waruke, bunduki iwafikie.

Wa tatu ni ritriva, na mashuhuri kuliko wote ni Labrador, ambaye asili yake ni wale mbwa wa wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland, Kanada. Kazi yake huanza ndege akishaanguka: humtafuta, hata majini, na kumleta mkononi bila kumtafuna. Ndiyo sababu Labrador ana mdomo laini na moyo wa kupenda watu. Sasa jiulizeni: mbwa aliyezalishwa miaka mingi ili apende watu, atamfukuza mwizi wa kuku? Wengine hubweka vizuri, lakini wengi watamkaribisha mwizi kwa mkia.

Mbwa na kozi

Kuna pia uwindaji wa kutumia ndege wala nyama kama kozi na kipanga. Ndugu zetu Waswahili walioko Oman na nchi za Ghuba wanaujua. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliuingiza uwindaji huo katika orodha ya urithi wa binadamu. Waarabu huutumia pamoja na mbwa aitwaye Saluki, mwembamba, mwenye miguu mirefu, anayewinda kwa macho na mbio zaidi kuliko pua. Kozi huona kutoka juu na kumsumbua sungura au paa wa jangwani, naye Saluki hufika na kummaliza. Huko Ulaya hutumia pointa: mbwa akisimama, kipanga hurushwa juu akazunguka, kisha ndege hutimuliwa chini yake.

Mwaona? Mahali pa wazi kama jangwani panataka mbwa wa macho na mbio, na mahali pa nyasi panataka mbwa wa pua. Nchi na kazi ndizo zilizomtengeneza mbwa. Ukimhamisha mbwa bila kuhamisha kazi yake, umebaki na mdomo wa kulisha tu.

Afrika nayo ina mbwa wake

Tusidhani kwamba mbwa mwenye maana ni wa kizungu peke yake. Kule mashariki ya Kongo, katika msitu wa Ituri, Wambuti huwinda kwa nyavu wakitumia mbwa wadogo wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja. Mbwa hao hawabweki kama wengine, kwa hivyo huvalishwa njuga ya mti shingoni ili watu wajue walipo na wanyama watimuliwe kuelekea wavuni. Waingereza waliwachukua mbwa wa namna hiyo, na kuanzia miaka ya 1930 wakawazalisha kwao kwa jina la Basenji. Leo wananunuliwa kwa pesa nyingi Ulaya na Marekani, na sisi tulio karibu na asili yao twamwita mbwa wa kienyeji koko!

Karibu zaidi ni Unguja. Huko wako wasasi wanaowinda kwa mbwa, wengi wao Waislamu, na kazi yao kubwa ni kuwaondoa nguruwe mwitu wanaofukua mihogo. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Maana yake ni kwamba mafunzo ya mwenyewe hushinda mbegu. Lakini Unguja yatufundisha na upande wa pili: mbwa hao hao, pamoja na mitego, wamechangia kumpunguza paa nunga, mnyama ambaye duniani amebaki Zanzibar na katika misitu michache ya pwani yetu ya Kenya, ukiwemo Arabuko-Sokoke.

Sheria yasemaje?

Hapa vijana wasikilize vizuri. Uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Kupiga ndege wa porini au kumkamata kipanga bila kibali cha serikali ni kosa. Bunduki nayo yataka leseni yake. Kijana akikutwa Shimba Hills au Arabuko-Sokoke na mbwa na paa mkononi, hataulizwa mbwa ni wa mbegu gani. Ataenda mahakamani, na kikundi kilichotoa pesa za mbwa kitabaki kinachanga faini.

Pua ile ile ya mbwa inaweza pia kufanya kazi upande wa sheria. Bandari yetu ya Mombasa ilijulikana kwa magendo ya pembe za ndovu, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori limetumia mbwa wa kunusa kuzitafuta ndani ya makontena. Mbwa ni yule yule. Tofauti ni kazi aliyopewa.

Basi kikundi kichague vipi?

1. Taja kazi kwanza. Andikeni kwenye kitabu cha mikutano: mbwa huyu ni wa nini? Kama ni kubweka usiku bandani, mbwa wa kienyeji aliyelelewa vizuri atosha. Kama ni kufukuza nyani na ngedere shambani, mtahitaji wawili au zaidi pamoja na mtu wa kuwaongoza, kwa sababu nyani dume aweza kumuua mbwa mmoja. Kama ni kulinda mbuzi, mtoto wa mbwa awekwe na mbuzi tangu akiwa na wiki nane hivi, ale hapo na alale hapo, ili awaone kuwa ndugu zake. Huko Namibia tangu mwaka 1994 wafugaji wamekuwa wakipewa mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki waliolelewa hivyo ili kuwazuia duma, na mifugo imepona bila duma kuuawa. Njia hiyo hiyo ya malezi yaweza kutumika kwa mbwa wetu wa kienyeji.

2. Fikiria joto na wadudu. Mbwa wa manyoya mengi ateseka na joto la pwani. Kupe huleta homa zinazoua haraka mbwa wa kigeni. Na kule Kwale karibu na msitu kuna mbung'o: mbwa akipata ugonjwa wake hukonda, macho hupata ukungu, naye hufa asipotibiwa mapema. Mbwa wa kienyeji naye huugua, lakini wale walio hai leo ni uzao wa waliovumilia.

3. Piga hesabu ya chakula. Tuseme mbwa mkubwa ala nusu kilo ya unga kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 182, yaani zaidi kidogo ya magunia mawili ya kilo 90, na bado hamjaweka dagaa. Mbwa mdogo atakula nusu ya hiyo. Mabaki ya samaki kutoka soko la Kongowea yaweza kupunguza gharama, lakini yapikwe na miiba itolewe. Wala msimpe mbwa unga uliooza ati kwa kuwa ni mbwa. Sumu ya kuvu ya mahindi humuua mbwa kama inavyomuua mtu.

4. Mwangalie mtoto na mamake. Usinunue mtoto wa mbwa gizani au barabarani. Nenda umwone mamake: akiwa mkali kupita kiasi au mwoga, watoto watafuata. Chagua anayekujia mwenyewe, mwenye macho safi, tumbo lisilojaa minyoo, na asiyekimbia moja kwa moja ukipiga makofi. Asiwe chini ya wiki nane.

5. Zungumza na majirani. Vikundi vyetu vina Wakristo na Waislamu, na mbwa ameshavunja urafiki mahali pengine. Ni vizuri tujue kwamba Uislamu haukatazi mbwa wa kazi. Korani, Sura ya Al-Maida aya ya 4, inawataja wanyama waliofundishwa kuwinda, na masheikh huruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Ila mate yake ni najisi, na kwa madhehebu ya Shafi inayofuatwa hapa pwani, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi awe na chombo chake, asifike kisimani, na asizurure. Sisi Wakatoliki nasi tukumbuke Kitabu cha Tobiti: Tobia aliposafiri na malaika, mbwa wake alifuatana nao. Mbwa mwenye kazi na adabu ana nafasi yake katika nyumba ya mcha Mungu.

Jambo lisilo na mjadala: chanjo

Mbwa yeyote, wa mbegu au koko, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, na kurudiwa kila mwaka. Kenya imejiwekea lengo la kuumaliza ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030, lakini hautaisha kama mbwa wetu hawachanjwi. Muulizeni afisa wa mifugo lini chanjo zitaletwa mtaani kwenu.

Mtu akiumwa na mbwa, hata kama ni mchubuko tu, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo aanze sindano, na azimalize zote. Msipoteze muda na pilipili, mafuta ya taa au dawa za kufunga. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Wanaoumwa sana ni watoto, na mara nyingine mtoto huficha kwa kuogopa kuchapwa. Waambieni watoto wenu kwamba hawatachapwa.

Kama kikundi hakina pesa ya chanjo ya kila mwaka, basi hakina pesa ya mbwa. Afadhali mnunue kufuli na waya wa banda.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kazi gani hasa twataka mbwa aifanye? Je, kuna njia nyingine iliyo rahisi?
2. Nani atamlisha siku za Jumapili, wakati wa mazishi na wakati wa mvua?
3. Mbwa akimuuma mtoto wa jirani, kikundi kitafanya nini saa ile ile?
4. Wanachama wote wamekubali, au wengine wamenyamaza tu?

Swali hili la nne msilipite haraka. Anayenyamaza mkutanoni mara nyingi ndiye jirani wa banda.